Kitu Kilicholia Ndani ya Parechoke

Gari letu linaitwa Tantine, yaani Shangazi, na nyumbani anaheshimiwa kuliko mimi. Ni Land Cruiser mzee, aliyekuwa mweupe zamani, mwenye viti vya nyuma vinavyotazamana kama wajumbe wa kamati waliokosana. Tata, baba yangu, anamwosha kabla ya kunawa uso wake mwenyewe. Mvua ikianza, Mama anakimbia kumfunika turubai, na mimi nabaki nje nikilowa na kuuliza kama chini ya turubai hilo kuna nafasi ya mtoto.

Mimi ni Mushiya, nina miaka kumi na sita, nasoma shule ya bweni kwa masista. Jina nimepewa la mama yake Tata, ndiyo maana Tata huniita Mama hata anapotafuta fimbo. Shuleni nimefundishwa kusema ukweli kwa sentensi kamili. Likizo hii nilisema ukweli, na sentensi zilikuwa kamili, lakini hakuna aliyeniamini.

Lawama naliachia jiwe. Walipopaka rangi madirisha ya bweni, kopo moja la kijani lilibaki na rangi chini. Nililihurumia, nikaja nalo nyumbani, nikapaka mawe ya kawaida ya barabarani, nikayafukia nyuma ya jiko la Tonton Stanislas, binamu wa Tata. Kisha nikamwuliza, kwa unyenyekevu wa mwanafunzi wa jiografia, kama malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, inaweza kulala karibu na jiko la mtu. Hapa Kolwezi watu wamechimba ndani ya vyumba vyao, chini ya vitanda vyao, wakapata shaba na kobalti. Tonton alichimba mpaka ukuta wa jiko ukaegemea kwa jirani. Mwishowe mke wake, Mama Josée, aliokota jiwe moja, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole. Kidole kikawa kijani.

Tangu siku hiyo Tonton Stanislas hunisalimia kwa adabu kubwa. Adabu hiyo ndiyo iliyonitisha.

Sasa kuhusu parechoke, ile ngao ya chuma ya mbele ya gari ambayo wengine huiita bampa. Tantine alikuwa nayo, ya kiwandani, mpaka Tata alipomkwepa mtu wa baiskeli aliyebeba makaa karibu na Kasaji, akaingia kwenye kichuguu. Vichuguu vya upande ule vina kimo cha nyumba, na mchwa wake hawana haraka ya kumpisha mtu. Kichuguu kilishinda. Tantine alirudi nyumbani na mdomo uliopinda, kama mtu aliyeng'olewa jino upande mmoja.

Wakati huohuo Dokta Adèle alikuwa anatafuta gari la kupeleka timu yake ya chanjo Musumba msimu wote wa mvua. Barabara ile inameza magari. Alimwambia Tata waziwazi: leta gari lenye parechoke imara, inayoweza kubeba winchi, ile mashine ya kebo inayolivuta gari kutoka kwenye matope, nitaijaribu mwenyewe, ikinifaa, kazi ni yako.

Na isipomfaa? Hapo Tonton Stanislas alikuwa tayari. Alishasema mara nyingi kwamba Tata akichoka na Tantine, yeye atamnunua vilevile alivyo. Tena alikuwa amebomoa na kupanua lango la uwanja wake. Nilipomwuliza sababu, alisema ni kwa ajili ya mbuzi. Sijawahi kuona mbuzi mwenye upana wa Land Cruiser.

Tata bila usukani ninamfahamu. Alipoachishwa udereva mgodini, kabla hajampata Tantine, alikaa kibarazani akisikiliza redio ambayo ilikuwa imezimwa. Mama alikuwa anapita nyuma yake kwa vidole vya miguu. Sikutaka kumwona tena mtu yule.

Kwa hiyo nilijiteua mkaguzi. Nilitia kijiko mfukoni, nikaenda na Tata mjini kuchagua.

Duka la kwanza lilikuwa la vipuri vipya. Muuzaji aliitwa Gael, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya duka lisilo na dirisha. Nilimtilia shaka kabla hajafungua mdomo. Alituonyesha parechoke nyeusi, yenye pembe kali na matundu ya taa za ziada, inayong'aa kama kiatu cha mchungaji.

"Iyi inatoka Dubai, tata," alisema. "Hata tembo akikugonga, tembo njo atalia."

"Tembo wa wapi?" niliuliza.

"Mwenye atapita."

Nikatoa kijiko, nikagonga. Ikalia kama sufuria ya uji ya shuleni. Tata aliinama akatazama nyuma yake, mahali pa kufungia. Palikuwa na vipande viwili vya bati, vya kushikizwa kwenye mwili wa gari. Kwenye chesesi, ule mfupa mkubwa wa chini, haikufika hata kidogo.

"Na winchi itakamata wapi?" Tata aliuliza. "Nikivuta, gari itabaki mu matope, parechoke itatoka peke yake."

Gael alivua miwani. "Aa, tata anataka ya kufanya kazi? Iyi ni ya kupendeza. Ya kwenda nayo ku misa."

Mahali pa pili palikuwa uwanja wa Henri, mzee wa chuma chakavu. Parechoke yake ilikuwa ya kweli. Nzito, yenye ndoano mbili za kuvutia gari lililokwama, na mabamba mazito ya kufungwa moja kwa moja kwenye chesesi. Macho ya Tata yalilainika. Yangu hapana. Ilikuwa imepakwa rangi ya chungwa, na chini ya rangi hiyo niliona tarakimu zikijaribu kuchungulia.

"Tata Henri, iyi namba ni ya nini?"

"Namba ya bahati."

"Na gari yake iko wapi?"

"Ilikufa."

"Ilikufia wapi?"

"Mbali, mutoto. Mbali sana."

Nikaipitisha kidole. Kikawa cha chungwa. Gari lililokufa mbali sana, lakini rangi yake haijakauka. Tata alitazama kidole changu, akatoa leso, akanifuta, tukaondoka kama watu waliokumbuka moto jikoni. Kila dereva wa hapa anajua kwamba ukifika kwenye kizuizi cha barabara ya migodi na kipande cha gari la mgodi kilichofutwa namba, Tantine ataingizwa kwenye ule uwanja wa magari yaliyokamatwa, ambako majani yanaota ndani ya injini.

Jioni Tonton Stanislas alikuja mwenyewe, bila kuitwa, amebeba pipi.

"Kaka, acha kuhangaika. Wende kwa Ntambwe, fundi wa kuchomea chuma. Atakutengenezea mupya, kwa kipimo ya gari yako. Mi mwenyewe nitamwambia afanye mbio." Akanigeukia, akanipa pipi kwa mikono miwili. "Na mwalimu yetu wa mawe, ulilala muzuri?"

"Nililala vizuri, Tonton. Na mbuzi wako?"

"Bado bako mu njia."

Sikula pipi ile. Mtu anayelitaka gari letu, anatusaidia ili tusiliuze? Nilimwuliza Mama Mbelu, mama yangu, ambaye anauza unga wa mihogo na kujua tabia za binadamu wote.

"Ni familia," alisema. "Familia inasaidia."

"Mama, aliwahi kutusaidia lini?"

Mama alirudi kwenye unga wake. "Kula pipi yako," alisema.

Karakana ya Ntambwe ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo za mabomba. Alikuwa mnene, mcheshi, na mwenye nyusi nusu, kwa sababu nusu nyingine ilikwenda na cheche. Yeye na Tata walipiga magoti, wakachora kwa chaki sakafuni. Tata alitaka pembe za chini zikatwe kuelekea juu, ili tairi liguse ukingo wa shimo kabla ya chuma. Alitaka nafasi mbele ya radieta, hewa ipite. Taa zisifunikwe. Mabamba yakae kwenye chesesi, kwa bolti nene. Juu, bomba moja la kukunjwa kama upinde, la kusukuma majani na kumkinga Tantine na vichuguu vya baadaye.

"Bomba ya kukunja njo kazi yangu," alisema Ntambwe. "Haitakuwa na kovu hata moya."

Wakati wakichora, mimi nilikagua. Kando ya moto wa makaa niliona rundo limefunikwa gunia. Nilifunua kidogo. Mchanga. Mkavu kabisa, wakati nje mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na dunia yote ni tope. Mtu anaficha mchanga chini ya gunia kwa nini? Niliuhifadhi mchanga huo kichwani.

Siku ya kuchukua kazi tulimkuta Tonton Stanislas pale. Amesimama sikioni mwa Ntambwe, wanacheka. Waliponiona wakanyamaza, kisha Tonton akasema kwa sauti, "Njo vile, mechi ilikuwa nguvu sana!" Tonton hajui hata mpira unachezwa na watu wangapi. Mkononi mwake palikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwakunjwa, kama cha kufungia kitu, na ndani yake hamkuwa na kitu tena.

Parechoke ilikuwa nzuri, lazima niseme. Upinde wa juu ulikunjwa laini kama mkono wa kikombe, na miisho yake miwili imezibwa kwa chuma. Ikafungwa. Tantine akawa na uso wa mwanamke asiyetaka maswali. Tata alizunguka mara mbili akijifanya anatazama tairi.

Nilipotazama springi za mbele, zilikuwa zimelala kupita kiasi. Tantine alisujudu.

Na njiani, kila Tata aliposhika breki, kitu kilisema ndani ya upinde: shwaaa. Halafu, baada ya kufikiri: ngo.

"Tata, umesikia?"

"Nasikia injini."

"Kuna kitu ndani ya parechoke."

"Kuna upepo."

"Upepo hausemi ngo, Tata."

Nielezeni mngefikiri nini. Hapa kwetu kitu kikiwa kizito kuliko kinavyostahili, watu hawaulizi ni nini. Wanauliza tenere yake: ndani ya jiwe mna shaba kiasi gani, kobalti kiasi gani. Watoto wanalijua neno hilo kabla ya kujua kusoma saa. Mimi nilijumlisha lango lililopanuliwa, pipi, mchanga wa siri, gazeti tupu, na bomba lililozibwa pande zote mbili. Jibu lilikuwa moja. Tonton na Ntambwe wamejaza madini katika pua ya Tantine, ili avuke kizuizi akiwa na manesi na masanduku ya chanjo, bila kukaguliwa, na Tata yangu asiye na habari akiwa mchukuzi wao. Akikamatwa, Tantine anakwenda kwenye majani, na Tata anakwenda gerezani. Asipokamatwa, wanamtumia tena.

Nilimweleza Mama kwa sentensi kamili. Alikuwa anapeta unga.

"Mushiya. Madini tena?"

"Safari hii ni ya kweli."

"Ukuta wa jiko ya Josée bado umelala kwa jirani."

Nikaona kwamba nahitaji ushahidi. Dokta Adèle alikuwa aje asubuhi kufanya jaribio. Tata alipoingia ndani kupiga pasi shati, nilichukua kekee yake ya mkono, nikalala chini ya Tantine kama fundi, nikakitoboa kile chuma upande wa chini wa upinde. Niliipigania kekee ile mpaka mikono ikakataa. Mwishowe tundu dogo likafunguka, na kitu kikaanza kutiririka kwenye kiganja changu, laini, kimya, kama chumvi.

Mchanga. Wa kijivu, wenye ukijani.

Nilikuwa natafuna shingamu. Niliitoa, nikaziba tundu, nikakimbilia ndani nikiwa nimekunja ngumi.

"Tata! Tazama!"

Tata alitazama kiganja changu. Akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza sikuona hasira machoni pake, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama," alisema polepole, "leo hapana. Siku ingine utanichezea vile unataka, mi nitacheka. Leo, hapana. Umeipaka na nini?"

"Sijaipaka. Imetoka kwenye..."

Nje pikipiki ya Dokta Adèle ilizima. Tata alifunga kifungo cha shingo, akatoka na tabasamu la mtu aliyeshikilia yai kinywani.

Dokta Adèle ni mfupi, ana sauti ya kengele, na hacheki vitu vinavyochekesha. Aliipiga parechoke teke. Akazama chini, akahesabu bolti. Akaweka jeki kwenye ukingo wa parechoke, akamnyanyua Tantine nayo, akangoja aone kama chuma kitalia. Hakikulia. "Bien," alisema. "Twende njia ya Mutoshi. Nataka nione mu matope."

Njia ya Mutoshi ina kizuizi. Niliingia kiti cha nyuma bila kualikwa.

Matope yalikwenda vizuri. Tantine alizama, akajitikisa, akatoka, na Dokta akaitikia kwa kichwa kidogo, jambo ambalo kwake ni sherehe. Kila shimo, shwaaa, ngo.

"Dereva, iko nini inaongea pale mbele?" aliuliza.

"Ni chuma mupya, Dokta. Bado inazoea."

Tukafika kwenye foleni ya kizuizi. Mbele yetu kulikuwa na malori ya mgodi, nyuma yetu malori mengine, na pembeni mtaro uliojaa maji. Hapakuwa na mahali pa kugeuzia. Na hata pangekuwapo, gari linalogeuza mbele ya kizuizi limeshakiri.

Sasa, shingamu haipendi joto. Masista hawakunifundisha hilo. Injini ilichemka palepale, nyuma ya upinde, na ushahidi wangu ukayeyuka.

Aliyeona kwanza alikuwa mama mmoja anayeuza mikate kwa madereva. Alisimama na beseni lake kichwani, akaangua kicheko. "Tata! Ee tata! Gari yako inakojoa muchanga!"

Tata alishuka. Mimi nikashuka nyuma yake. Chini ya upinde uzi mwembamba wa mchanga ulikuwa unaanguka, na kwenye lami tayari palikuwa na kilima kidogo cha kijani-kijivu. Tata alichota kidogo. Akautemea mate. Akausugua kwa kidole gumba, kwa nguvu, akiniangalia, akingoja rangi itoke kama ilivyotoka kwenye kidole cha Mama Josée.

Haikutoka.

Aliendelea kusugua. Najua alikuwa anaomba itoke. Ilikuwa ni mara ya pekee maishani mwake aliyotamani niwe nimemchezea.

"Tata, mimi sijapaka," nilisema.

"Naona, Mama."

Mama wa mikate aliacha kucheka. Alipunguza sauti. "Tata, weka tope pale mu tundu. Haraka. Bado hawajakuona."

Tope lilikuwa pale pale, kiasi cha mkono mmoja. Dokta Adèle alikuwa ameteremsha kioo, anatutazama. Tata alitazama tope. Akatazama malori ya nyuma. Akampiga Tantine kofi dogo kwenye boneti, kama anavyofanya kumuaga, akavuta shati lake, akatembea kwa miguu mpaka kwenye kizuizi.

Nilimsikia kutoka nilipokuwa. "Shef, bonjour. Mi ni dereva wa ile gari mweupe. Mu parechoke yangu muko kitu, si mi nilikitia. Kuja uone mbele ya kuniuliza."

Mkuu wa zamu aliitwa Muteba, mtu mrefu mwenye uso uliochoka kudanganywa. Alikuja na wenzake wawili na mashine ya kupimia tenere, ile yenye umbo la bastola. Alimtazama Tata kutoka viatu hadi paji la uso.

"Nafanya hapa kazi tangu zamani," alisema. "Hakuna mutu aliyekuja mwenyewe. Uko mugonjwa?"

"Hapana, shef."

"Unatuonyesha kidogo, ili tusione mingi?"

"Hapana, shef."

Muteba alichuchumaa, akaielekeza mashine kwenye kilima cha mchanga, akabonyeza. Ikanguruma kidogo. Nilisali sala zote za shuleni, pamoja na ile ya kabla ya chakula. Alisoma kioo chake. Akaifuta kwa mkono wa shati, akapima tena. Akamwonyesha mwenzake. Halafu uso wake uliochoka ukapasuka kwa kicheko.

"Iko shaba," alisema. "Iko na kobalti. Lakini, tata! Tenere iyi! Iyi ni muchanga wa kutupa, wenye benye kuosha madini banamwanga mu muto! Hata mwizi aliyelewa hawezi iba iyi. Utajaza treni mbili, utapata sahani moya!"

Wenzake walicheka. Mama wa mikate alicheka, ingawa sidhani alielewa mahesabu. Tata hakucheka, aliegemea Tantine taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba bado yupo. Hapo nikaelewa kuwa neno ambalo lingetufunga ndilo lililotufungua. Kama mchanga ule ungekuwa mzuri kidogo tu, tungekwisha.

Lakini Muteba hakufungua kizuizi. "Nani alitia taka mu chuma na kuziba? Na juu ya nini? Muite aje."

Ntambwe alikuja kwa pikipiki, na nyuma yake, amemshika kiuno, Tonton Stanislas. Sikumwita mimi. Mtu asiye na hatia hupanda pikipiki haraka hivyo?

Ntambwe alipouona mchanga alijipiga paji la uso. "Aaa! Ni muchanga ya kukunjia!"

"Ya nini?" alisema Muteba.

"Shef, bomba ukiikunja tupu inapondeka, inapata kovu. Njo maana tunaijaza muchanga, tunachoma, tunakunja, kisha tunamwanga. Na muchanga lazima iwe kavu. Ikiwa na maji, inapasuka mu moto. Unaona iyi nyusi yangu? Mvua inanyesha, muchanga ya muto yote imelowa. Jirani yangu anaosha madini, alinipa ile anatupa, iko chini ya paa, kavu muzuri."

"Na kumwaga je?"

Ntambwe alimtazama Tonton. "Nilimwanga nusu. Nusu ilikuwa imeshikana ndani. Nilitaka kugongagonga, lakini... Tata Stanislas aliniharakisha nizibe."

Watu wote walimgeukia Tonton. Nilihisi saa yangu imefika. "Muulizeni ni kwa nini!" nilipaza sauti. "Muulizeni pia kuhusu mbuzi!"

"Mbuzi gani?" aliuliza Muteba, mkono wake ukirudi kwenye mashine.

Ntambwe hakungoja amri. Alitoa msumeno wa chuma, akakata kizibo cha mwisho wa upinde, akaanza kuugonga kwa nyundo. Mchanga ukamwagika kwa mafungu. Kadiri ulivyoshuka, ndivyo springi za Tantine zilivyoinuka, kama mama anayetua beseni la maji. Halafu mchanga ukaisha, na kitu kikabingirika ndani kutoka upande wa pili, polepole, kikaanguka miguuni pa Muteba.

Ngo.

Lilikuwa jiwe. La kijani. Kijani cha madirisha ya bweni letu.

Muteba aliliokota, akalipima kwa mashine, akakunja uso. Akalitemea mate, akalisugua. "Iyi haina tenere ya kitu," alisema. "Iyi ni rangi." Akainua kidole cha kijani mbele yetu sote. "Nani mwenye jiwe?"

Mimi nilitazama angani. Tonton Stanislas naye alitazama angani. Palikuwa na wingu dogo, tukalichunguza kwa bidii.

"Nilitaka tu lilie," Tonton alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo sana. "Kila breki, ngo. Nilijua hatalala, iyi mutoto. Atatafuta, atatafuta... kama mi nilitafuta mu jiko yangu. Muchanga sikujua, kaka. Ya muchanga, naapa, sikujua."

Tata alimtazama, kisha akanitazama mimi, mpaka lori la nyuma likapiga honi.

Dokta Adèle alikuwa ameshuka. Alipita kati yetu kana kwamba sisi ni viti, akachungulia ndani ya upinde ulio tupu sasa, akaushika kwa mikono miwili na kuutikisa. "Muache mwisho wazi kidogo chini, maji itoke," alimwambia Ntambwe. "Na funga winchi kesho." Akamgeukia Tata. "Njia ya Musumba iko na barriere mingi kama iyi, tata Muamba. Nataka dereva mwenye anashuka. Jumatatu tunaondoka."

Tata aliitikia kwa kichwa. Muteba aliinua kizuizi kwa mkono wake mwenyewe, na jiwe akalibakiza. Nasikia sasa linazuia mlango wa kibanda chao usipigwe na upepo.

Adhabu tulipewa pamoja. Kila Tantine anaporudi kutoka Musumba, mwenye tope mpaka kwenye kioo, mimi na Tonton Stanislas tunamwosha, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto, na parechoke tunaiosha kwa zamu. Tata anakaa kibarazani anatutazama. Redio yake inaimba siku hizi.

Wiki iliyopita Tonton alileta sabuni mpya, ya mche, ya kijani. Alinipa kwa mikono miwili, kwa adabu.

Niliipasua katikati kwanza, nikatazama ndani. Hamkuwa na kitu. Kisha nikamwuliza kama mbuzi wamefika, akasema bado, bado wako njiani.

Lango lake, lakini, bado ni pana.